Kuchunguza Jinsi Mwendo wa Bahari wa Kuigiza Unavyomlevya Mtu Kadiri Muda Unavyokwenda: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Aliyewahi kukaa ndani ya chombo kinachokwenda mrama anajua kwamba bahari haimlevyi mtu kwa pigo moja. Huanza kwa miayo na uzito wa kichwa, joto likapanda usoni, mate yakajaa kinywani, jasho la baridi likatoka kwenye paji la uso, kisha moyo ukachafuka, na wengine wakaishia kutapika. Kati ya mwayo wa kwanza na kutapika huweza kupita dakika kumi au saa mbili, na wapo ambao safari nzima huisha wakiwa wamebaki kwenye uzito wa kichwa tu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtafiti, mwanafunzi au mhandisi anayetaka kuichunguza njia hiyo nzima kwa kutumia jukwaa la mwendo ndani ya maabara. Msimamo wake ni mmoja: jaribio linalopima hali ya mtu mwishoni tu limetupa sehemu kubwa ya kile lililokusudia kukijua, na kwa hiyo kila uamuzi, kuanzia uwezo wa jukwaa hadi namna ya kuwahesabu waliotoka mapema, ufanywe kwa kuufikiria muda.

Kabla ya hatua zenyewe: kinachomlevya mtu

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba ubongo hupokea taarifa za mwendo kutoka kwenye viungo vya mizani vya sikio la ndani, kutoka machoni, na kutoka kwenye misuli na maungo, kisha huzilinganisha na kile ulichokitarajia kutokana na uzoefu. Taarifa zikiendelea kupingana na matarajio, dalili hujikusanya. James Reason na J. J. Brand waliieleza nadharia hii kwa kirefu mwaka 1975, na katika miaka ya 1990 watafiti wa Uholanzi, miongoni mwao Willem Bles na Jelte Bos, waliibana zaidi wakasema kwamba mgongano wenye uzito ni ule unaohusu wima, yaani upande wa juu na chini kama unavyohisiwa na kama unavyotarajiwa. Kwamba sikio la ndani ndilo lenye mamlaka katika jambo hili kunathibitishwa na watu waliopoteza kabisa kazi ya viungo vya mizani katika masikio yote mawili: hao hawaugui baharini hata kukiwa na tufani.

Katika miaka ya 1970, nchini Marekani, James O'Hanlon na Michael McCauley waliwaketisha mamia ya watu ndani ya kabini iliyopanda na kushuka kwa muda wa hadi saa mbili, wakahesabu waliotapika. Walibadilisha ukubwa wa mchapuko (kiwango ambacho kasi hubadilika kila sekunde) na pia marudio, yaani idadi ya mizunguko kamili ya mwendo kwa sekunde moja, ambayo hupimwa kwa Hz. Walichokipata ndicho msingi wa kazi yote iliyofuata: mwendo wa wima huleta kichefuchefu zaidi katika eneo la 0.2 Hz, yaani kupanda na kushuka mara moja kwa sekunde tano hivi, na madhara hupungua sana marudio yanapokaribia 0.5 Hz na kuipita. Mtikisiko wa haraka huchosha na kuudhi, lakini haulevyi kwa kiasi hicho.

Hatua ya kwanza: andika swali lenye muda ndani yake

Swali kama "je, mwendo huu unaleta kichefuchefu?" halitoshi. Andika, kwa mfano: dalili huanza baada ya dakika ngapi, hupanda kwa kasi gani, hufika mahali zikatulia au huendelea kupanda, na mwendo ukisimamishwa hushuka kwa muda gani? Haya ni maswali manne tofauti, na mtu mmoja anaweza kuwa mwepesi katika la kwanza na mgumu katika la tatu. Chagua mawili yatakayobeba uzito wa utafiti wako, uyaandike kabla ya kumwona mshiriki yeyote, na uandike pia ni matokeo gani yatakayokufanya useme kwamba dhana yako haikuthibitika.

Hatua ya pili: pima uwezo wa jukwaa kabla ya kubuni mwendo

Hapa ndipo miradi mingi inapoweza kukwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Majukwaa mengi ya mwendo husimama juu ya miguu sita inayorefuka na kufupika, na yameundwa kuigiza mitikisiko ya gari au ndege ambayo ni ya haraka na mifupi. Bahari ni ya polepole na ndefu, na upole huo hudai nafasi kubwa. Kanuni yenyewe ni nyepesi: kwa mwendo laini wa kupanda na kushuka, umbali kutoka katikati hadi kileleni ni sawa na mchapuko wa juu kabisa ukigawanywa kwa mraba wa zao la 2, pai na marudio.

Tuseme unataka mchapuko wa juu wa mita 1 kwa sekunde mraba. Kwa 0.5 Hz unahitaji kama sentimita 10 tu juu na sentimita 10 chini, na karibu jukwaa lolote litaweza. Kwa 0.2 Hz unahitaji sentimita 63 kila upande, yaani zaidi ya mita moja na robo kwa jumla. Kwa 0.1 Hz unahitaji kama mita mbili na nusu kila upande, jumla ya mita tano, jambo ambalo miguu sita ya kawaida haiwezi kulitimiza.

Mtafiti asiyefanya hesabu hii hupata jukwaa fupi, akaongeza marudio ili mchapuko upatikane, na bila kujua akawa ameuhamisha mwendo wake kutoka eneo linalolevya kwenda eneo lisilolevya. Washiriki watatikiswa kwa saa nzima, wataripoti uchovu na maumivu ya mgongo, naye ataandika kwamba muda hauna athari. Kama jukwaa lako lina sentimita 30 tu kila upande, kubali kwamba kwa 0.2 Hz mchapuko wa juu utakuwa chini kidogo ya mita 0.5 kwa sekunde mraba, kisha uamue kwa uaminifu kama utarefusha vipindi, utachagua washiriki wepesi wa kuugua, au utatafuta kifaa kingine.

Angalia pia programu ya kuendeshea jukwaa. Nyingi zina kichujio kinacholirudisha jukwaa katikati kimyakimya na kuondoa mienendo ya polepole, kwa kuwa hivyo ndivyo wanaoigiza safari za ndege kwa mitambo wanavyotaka. Kwa kazi hii kichujio hicho kinakula kile kile unachokitafuta. Kizime, au kifahamu vizuri kiasi cha kuweza kueleza kilichokatwa.

Hatua ya tatu: buni mwendo, na uukague kwa vipande vya muda

Una njia mbili. Ya kwanza ni mwendo wa marudio mamoja, ulio laini na unaotabirika. Ni rahisi kuuchambua, lakini mwili huuzoea mpangilio wake na bahari yenyewe haiko hivyo. Ya pili ni mwendo usio na mpangilio, unaotengenezwa kwa kujumlisha mawimbi mengi madogo yenye marudio tofauti na nukta za kuanzia zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, huku ukubwa wa kila moja ukifuata mgawanyo wa nguvu za mawimbi ya bahari, kama ule uliotolewa na Pierson na Moskowitz mwaka 1964. Kumbuka kwamba mgawanyo huo unaeleza uso wa maji. Chombo hujibu mawimbi kwa tabia yake, na kile kinachofika kwenye kiti ni jibu la chombo. Ukipata rekodi halisi ya michapuko iliyopimwa ndani ya meli, hiyo ni bora kuliko yote.

Ukichagua mwendo usio na mpangilio, kuna mtego ambao unahusu moja kwa moja somo la muda. Mawimbi ya aina hii huja kwa makundi: dakika kadhaa za utulivu, kisha kundi la mawimbi makubwa. Iwapo kundi kubwa limeangukia dakika ya 20, mkunjo wa dalili za washiriki wote utaruka dakika ya 20, nawe utadhani umegundua kwamba mwili huvumilia dakika 20 kisha husalimu amri. Kwa hiyo kata mwendo wako katika vipande vya dakika tano tano, upime nguvu ya mchapuko katika kila kipande, na urudie kuchagua nukta za kuanzia mpaka vipande vilingane kwa karibu. Kisha tumia mwendo ule ule, nukta kwa nukta, kwa kila mshiriki.

Kuhusu mielekeo, kupanda na kushuka ndiko kunakobeba mzigo mkubwa. Kulala ubavu huu na ule, au kuinuka na kuinama kwa omo na tezi, kukiwa peke yake kwa kadiri ya chombo cha kawaida, hakulevyi sana. Lakini majaribio yameonyesha kwamba kukichanganywa na kupanda na kushuka, athari ya mchanganyiko huwa kubwa kuliko ile ambayo mtu angeitabiri kwa kutazama mwendo wa wima pekee. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kufanya kupanda na kushuka kwanza, na kuongeza mielekeo mingine katika utafiti wa pili.

Dakika ya kwanza ya kila kipindi iwe ya kupandisha mwendo taratibu kutoka sifuri. Mshtuko wa kuanza huleta wasiwasi, na wasiwasi una dalili zinazofanana na hizi.

Hatua ya nne: kokotoa dozi

Mwaka 1987 Anthony Lawther na Michael Griffin wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha kanuni waliyoipata baada ya kukusanya taarifa za abiria wengi wa meli pamoja na matokeo ya maabara, na kanuni hiyo imo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 2631-1 cha mwaka 1997. Ili kuitumia, chukua mchapuko wa wima uliokwisha kupimiwa uzito kwa kadiri ya marudio (marudio yanayolevya zaidi hupewa uzito mkubwa zaidi), tafuta kipeuo cha pili cha wastani wa miraba yake, kisha uzidishe kwa kipeuo cha pili cha muda kwa sekunde. Jibu hilo ndilo dozi, na theluthi yake moja hukadiria asilimia ya watu wazima wasiozoea bahari watakaotapika.

Mfano: mwendo laini wa 0.2 Hz wenye mchapuko wa juu wa mita 1 kwa sekunde mraba una kipeuo cha takriban 0.71. Saa moja ni sekunde 3,600, na kipeuo chake cha pili ni 60. Dozi ni kama 42, na makadirio ni asilimia 14. Kwa saa mbili makadirio hufika asilimia 20, na kwa saa nne asilimia 28. Angalia umbo lake: ili kuzidisha athari mara mbili unahitaji muda mara nne.

Hesabu hii ina kazi mbili. Inakusaidia kupanga, kwa sababu ikiwa una watu 24 na makadirio ni asilimia 14, watakaotapika ni watatu au wanne, idadi ndogo mno kujenga hoja juu yake, na hivyo ni lazima upime dalili za chini ya kutapika. Pia inakupa kitu cha kulinganisha nacho. Isitumike, hata hivyo, kumtabiria mtu mmoja mmoja. Ni kanuni ya kundi, ya kutapika, na ya mwendo wa wima. Haisemi chochote kuhusu kushuka kwa dalili, na kwa mujibu wake mtu hawezi kamwe kupata nafuu mwendo ukiwa unaendelea, ilhali mabaharia huzoea baada ya siku chache.

Hatua ya tano: tengeneza kabini

Macho yana nguvu ya kuharibu jaribio zima. Mtu anayeona upeo wa macho uliotulia, au ukuta wa maabara, hupata msaada ambao aliyefungiwa kabinini haupati. Chagua hali moja na uishike. Kwa maoni yangu kabini iliyofungwa, yenye mwanga wa kutosha na isiyo na dirisha, ndiyo bora kwa kuanzia, kwa kuwa inafanana na hali ya abiria aliye chini ya sitaha na haiongezi picha za skrini, ambazo zikichelewa hata kidogo nyuma ya mwendo huwa chanzo cha pili cha kichefuchefu.

Kichwa kiegemezwe mahali pamoja kwa washiriki wote, kwa sababu kukigeuzageuza wakati wa mwendo huongeza dalili. Joto la hewa lirekodiwe, feni iwe ile ile, na harufu za mafuta, rangi na dawa za kusafishia ziondolewe siku moja kabla. Ukimpa mshiriki kazi ya kufanya, kama kusikiliza masimulizi na kujibu maswali, wape pia wenzake kazi hiyo hiyo, kwani akili iliyoshughulishwa huhesabu dalili tofauti na akili isiyo na la kufanya.

Funga kipima mchapuko kwenye kiti chenyewe na urekodi angalau mara 50 kwa sekunde katika kila kipindi. Usitegemee amri uliyoipa kompyuta. Amri ni nia yako tu. Kilichomfikia mshiriki ni kile ambacho kiti kimefanya.

Hatua ya sita: chagua washiriki na uwalinde

Omba kibali cha kamati ya maadili ya utafiti mapema, na ufuate misingi ya Azimio la Helsinki. Unakusudia kumfanya mtu mwenye afya ajisikie vibaya, na jambo hilo halipaswi kuchukuliwa kijuujuu. Ridhaa iandikwe kwa lugha ambayo mshiriki anaielewa, iseme waziwazi kwamba anaweza kutapika, na kwamba anaweza kusimamisha wakati wowote bila kutoa sababu.

Malipo yawe kamili hata kwa aliyesimamisha dakika ya tano. Hili nalisisitiza kwa sababu mbili. Ni haki yake, na pia anayelipwa kwa kadiri ya muda alioketi ana kishawishi cha kuficha dalili, na dalili zilizofichwa ndizo data ulizokuja kuzitafuta.

Usiwapokee wajawazito, wenye maradhi ya masikio au ya mizani, ya moyo, ya mgongo, wala wanaotumia dawa zinazotuliza au zinazozuia kichefuchefu. Wenye kipandauso huugua kwa urahisi zaidi. Ama uwaache, ama uwaandike kama kundi lao. Kabla ya kipindi cha kwanza kila mmoja ajaze dodoso la historia ya kuugua safarini. Lile fupi la John Golding, linalojulikana kwa kifupi cha MSSQ, linatumika sana na huuliza kuhusu utotoni na miaka kumi ya karibuni. Wastani wa alama za wanawake huwa juu ya ule wa wanaume, na wepesi wa kuugua hupungua kadiri mtu mzima anavyozidi kuwa na umri, kwa hiyo linganisha makundi yako kwa jinsia na umri. Aliyezoea bahari kwa kazi yake asichanganywe na asiyeizoea.

Hatua ya saba: chagua kipimo cha dalili na ukifundishe

Unahitaji kipimo ambacho mtu anaweza kukijibu kwa tarakimu moja bila kufikiri sana, kila dakika, kwa saa nzima. Kipimo kiitwacho MISC, chenye madaraja kuanzia sifuri hadi kumi, kilichotengenezwa Uholanzi, kinafaa. Sifuri ni kutokuwa na tatizo lolote. Moja ni kutojisikia sawasawa bila dalili maalumu. Mbili hadi tano ni dalili kama kizunguzungu, joto, kuumwa kichwa, jasho au tumbo kutotulia, kuanzia zisizo dhahiri hadi kali, bila kichefuchefu. Sita hadi nane ni kichefuchefu, kuanzia kidogo hadi kikali. Tisa ni kujikamua bila kutapika, na kumi ni kutapika. Uzuri wake ni kwamba inafuata utaratibu wa dalili zenyewe, wala haimwombi mtu akadirie "usumbufu" kwa jumla.

Mfundishe mshiriki kipimo hiki akiwa ameketi penye utulivu, umpe mifano ya hali za kufikirika, umwombe atoe tarakimu. Bandika kipimo mbele yake kabinini. Muulize kila dakika kwa sauti ile ile na kwa neno moja, kama "Namba?", bila huruma wala shauku katika sauti, kwa sababu matarajio ya anayeuliza huambukiza. Kumbuka pia kwamba hatua kutoka mbili hadi tatu si lazima iwe sawa na hatua kutoka sita hadi saba. Jambo hili litarudi kwenye uchambuzi.

Vipimo vya mwili, kama unyevu wa ngozi ya paji la uso, mapigo ya moyo na mikazo ya tumbo inayorekodiwa juu ya ngozi, vinasaidia, na ngozi ya paji la uso ina taarifa nzuri kuhusu jasho la baridi. Hakuna kati yake kinachoweza kuchukua nafasi ya neno la mshiriki mwenyewe. Mwandike pia kama anasinzia: usingizi mzito usio na sababu ni dalili kamili ya kulevywa na mwendo, na mara nyingine ni dalili pekee, ilhali msimamizi humwona mtu ametulia akadhani mambo ni shwari.

Hatua ya nane: panga vipindi

Bora kila mshiriki apitie hali zote, kwa mpangilio uliochaguliwa kwa bahati nasibu, maana tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa kiasi cha kuzifunika tofauti kati ya miendo. Kati ya kipindi na kipindi ipite angalau wiki moja, ili mazoea ya kipindi kilichopita yapungue. Vipindi vya mtu mmoja vifanyike saa ile ile ya siku, baada ya usingizi wa kawaida na mlo mwepesi, bila pombe tangu siku iliyotangulia.

Weka kipindi kimoja cha kulinganisha ambacho jukwaa halisogei, lakini mitambo inanguruma, mlango umefungwa, na namba inaulizwa kila dakika. Wengine watapanda hadi mbili au tatu kwa sababu ya joto, njaa na wasiwasi tu, na bila kipindi hiki utauhesabia mwendo makosa yasiyo yake.

Dakika 60 za mwendo zinatosha kwa utafiti wa kwanza. Kikomo cha kusimamisha kiandikwe mapema: ninapendekeza 7 kwa utafiti wa kipindi kimoja, na 6 pale mshiriki anapotakiwa kurudi, kwa sababu aliyeteseka sana hatarudi, na watakaobaki kwako ni wagumu peke yao.

Hatua ya tisa: siku yenyewe

Fanya jaribio la awali kwa watu wawili au watatu, wewe ukiwa wa kwanza. Anayesimamia mwendo ambao hajaupanda hawezi kumwelewa anayekaa ndani.

Wawepo wasimamizi wawili, mmoja wa jukwaa na mmoja wa mshiriki. Kitufe cha kusimamisha kiwe mkononi mwa mshiriki, mawasiliano ya sauti yawe wazi muda wote, kamera imwonyeshe uso, na mfuko uwe karibu bila kuning'inizwa mbele ya macho yake. Kabla ya kuanza chukua namba ya MISC. Akiwa tayari na mbili au zaidi, ahirisha. Akitaka kusimama, jukwaa lishushwe taratibu, kwani kukatwa ghafla kunaweza kumsukuma kutoka saba hadi kumi.

Hatua ya kumi: endelea kupima baada ya mwendo kukoma

Sehemu hii husahaulika kwa sababu wote wamechoka. Mwache mshiriki ameketi, endelea kuuliza namba kila dakika mpaka ifike sifuri au moja, na andika muda. Namna dalili zinavyoshuka hueleza kama mwili una kumbukumbu fupi au ndefu ya mwendo, na kuna jambo la kuvutia hapa: mtu anayeonekana amepona, akirudishwa kwenye mwendo baada ya mapumziko mafupi, hupanda haraka kuliko mara ya kwanza. Charles Oman aliliweka jambo hili katika modeli yake ya mwaka 1990 kwa kudhani njia mbili ndani ya mwili, moja ya haraka na moja ya polepole, ambapo ile ya polepole hubaki imeinuka hata baada ya dalili kutoweka. Ukitaka kulichunguza, ongeza kipindi kifupi cha pili baada ya mapumziko ya dakika kumi.

Kwa sababu hiyo hiyo, mshiriki asiendeshe gari wala chombo mpaka amerudi sifuri na kukaa kwa muda, na kusinzia kuwe kumeisha.

Hatua ya kumi na moja: chambua bila kuwapoteza waliotoka

Chora kwanza mkunjo wa kila mtu, peke yake, kwenye grafu yake. Utaona wanaopanda moja kwa moja, wanaopanda kisha wakatulia kwenye tatu, wanaopanda na kushuka mwendo ukiwa bado unaendelea, na wasiopanda kabisa. Wastani wa makundi haya manne ni mstari ambao haumwakilishi mtu yeyote.

Na wastani una kosa lingine kubwa zaidi. Waliougua haraka wametoka dakika ya 15, na kuanzia hapo unawahesabu wagumu tu. Mstari wa wastani utashuka, na utaonekana kama mazoea. Nimewahi kuona mchoro wa aina hiyo ukisifiwa kama ushahidi wa kuzoea bahari ndani ya nusu saa, ilhali kilichopungua kilikuwa idadi ya watu waliobaki kwenye viti. Kurudia namba ya mwisho ya aliyetoka hadi dakika ya 60 ni afadhali kidogo, lakini nako ni kukisia, kwa kuwa angebaki angeweza kufika kumi.

Njia iliyo sahihi ni kuuliza muda uliopita hadi tukio: dakika ngapi hadi MISC 2, hadi 4, hadi 6. Ambaye hajafika huingizwa kama aliyeangaliwa hadi dakika ya 60 bila tukio, wala hatupwi. Mkunjo wa Kaplan na Meier wa mwaka 1958 hufanya kazi hii, na modeli ya Cox ya mwaka 1972 hukuwezesha kupima athari ya mwendo, jinsia, umri na alama za MSSQ kwa pamoja. Kwa kuwa mtu mmoja ana vipindi kadhaa, modeli iambiwe kwamba vipindi hivyo ni vya mtu yule yule. Kwa namba za kila dakika, tumia modeli inayozichukulia kama madaraja yaliyopangwa, yenye mwanzo na mteremko wa kila mtu peke yake.

Mwishoni linganisha na kanuni ya dozi: je, dalili za kundi lako zilikua kwa kipeuo cha pili cha muda, au zilitulia mapema zaidi? Fanya ulinganisho huo kwa mchapuko uliopimwa kwenye kiti.

Unapoandika ripoti, toa marudio na ukubwa wa mchapuko uliopimwa, nguvu ya mwendo kwa kila dakika tano, hali ya macho na kichwa, idadi ya waliosimamisha pamoja na dakika waliyosimama, na mikunjo ya watu wote, hata ile inayoipinga dhana yako. Faili la mwendo lenyewe liambatishwe, ili mtafiti mwingine mwenye jukwaa lake awaketishe watu wake juu ya mawimbi yale yale.